Nyota ya Nne ya Prabowo

Prabowo Subianto alivishwa cheo cha heshima cha Jenerali wa nyota nne tarehe 28 Februari 2024, katika makao makuu ya jeshi la Indonesia huko Cilangkap, Jakarta. Aliyemvisha ni Rais Joko Widodo, wiki mbili tu baada ya kupigwa kura za urais ambazo Prabowo alikuwa mgombea, na kabla matokeo rasmi hayajatangazwa. Cheo hicho hakikustahili kutolewa.

Prabowo alizaliwa mwaka 1951, mtoto wa Sumitro Djojohadikusumo, mchumi aliyekuwa waziri zama za Rais Sukarno na za Rais Suharto pia. Alihitimu chuo cha kijeshi cha Magelang mwaka 1974, akapigana Timor Mashariki, akamwoa binti wa Suharto mwaka 1983, na kuanzia 1995 akaongoza Kopassus, kikosi maalumu cha jeshi. Machi 1998 alikabidhiwa Kostrad, kamandi ya akiba ya kimkakati ya jeshi, akiwa na nyota tatu. Suharto alipojiuzulu tarehe 21 Mei, Kostrad ilimponyoka Prabowo siku iliyofuata.

Biashara ndiyo iliyomrudisha. Baada ya kukaa Jordan kwa muda, alijiunga na mdogo wake, Hashim, aliyekuwa tayari tajiri, na akaingia katika kiwanda cha malighafi ya karatasi cha Kiani Kertas, Kalimantan Mashariki. Ukubwa wa mali yake ulianikwa kwenye mdahalo wa Februari 2019, pale Widodo alipomtajia hekta 220,000 Kalimantan Mashariki na 120,000 Aceh ya Kati. Prabowo alikiri papo hapo, akaongeza kwamba ardhi ni ya serikali na yeye ana haki ya kuitumia tu. Chama chake, Gerindra, kilianzishwa mwaka 2008. Alishindwa 2009 akiwa mgombea mwenza, akashindwa 2014 na 2019, kisha akapewa Wizara ya Ulinzi na Widodo huyo huyo aliyemshinda mara mbili.

Wanaokitetea cheo hicho cha heshima wanasema majenerali wastaafu Susilo Bambang Yudhoyono, rais wa zamani, na Luhut Pandjaitan nao walipewa, kwamba hakuna mahakama iliyomtia Prabowo hatiani, na kwamba zaidi ya asilimia 58 ya wapiga kura walimchagua.

Hajatiwa hatiani kwa sababu hajawahi kushitakiwa. Kati ya 1997 na 1998 wanaharakati waliompinga Suharto walitekwa. Tisa walirudi, na wawili kati yao baadaye wakawa wabunge wa Gerindra, jambo ambalo watetezi hawachoki kulitaja. Kumi na watatu hawajaonekana hadi leo. Agosti 1998 baraza la heshima la maofisa, ambalo Yudhoyono huyo huyo alikuwa mjumbe wake, lilipendekeza Prabowo aondolewe jeshini. Askari 11 wa Kopassus walifikishwa mahakama ya kijeshi wakahukumiwa. Baadhi yao Prabowo aliwapa vyeo wizarani mwaka 2020. Yeye, aliyekuwa kamanda wao, hakupandishwa kizimbani. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilimaliza uchunguzi wake 2006, Bunge likapendekeza mahakama maalumu 2009, na hakuna rais aliyeiunda.

Tarehe 11 Januari 2023 Widodo alisimama Ikulu akautaja utekaji huo miongoni mwa matukio 12 ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, akasema anasikitika. Rais anayekiri hivyo amebakiwa na kazi ya kuuliza nani alitoa amri. Badala yake, miezi 13 baadaye, alimbandika nyota ofisa ambaye ndiye wa kwanza kupaswa kulijibu swali hilo. Huko ni kuifunga kesi bila kuifungua. Na asilimia 58 inahusu nini hapa? Familia zinazosimama mbele ya Ikulu kila Alhamisi tangu Januari 2007, kwa nguo nyeusi na miavuli myeusi, hazibishanii kura. Zinauliza watu wao wako wapi, na hakuna sanduku la kura linalojua.

Prabowo aliapishwa tarehe 20 Oktoba 2024. Machi 2025 Bunge lilirekebisha sheria ya jeshi, na taasisi za kiraia ambamo askari walio kazini wanaruhusiwa kushika nyadhifa zikaongezwa kutoka 10 hadi 14. Tarehe 10 Novemba mwaka huo huo alimtangaza Suharto kuwa shujaa wa taifa.