Simu Kifuani, Maelezo Jalalani

Leo mie sina stori za mapenzi, ingawa ninachokizungumzia wengi mnalala nacho kitanda kimoja. Simu!

Kwanza niwatoe hofu, maana mjini hapa uvumi unakimbia kuliko daladala. Mionzi ya simu siyo ile ya eksirei. Haya ni mawimbi ya redio, na yakizidi kinachojulikana ni kwamba yanapasha mwili joto. Kuhusu kansa, mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka kwenye kundi la "huenda yanasababisha", kwa ushahidi mdogo. Mwaka 2024 uchambuzi mkubwa ulioagizwa na shirika hilohilo haukuona uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo. Kwa hiyo anayekwambia simu yako itakuua kesho, mwambie akapumzike.

Sasa jamani, kama mambo ni shwari, kwa nini wenye simu zao waogope kipande cha karatasi?

Ndiyo, karatasi. Huko Marekani, jimbo la California, kuna mji unaitwa Berkeley. Mei 2015 madiwani wake walipitisha sheria kwamba kila muuza simu ampe mteja notisi au aibandike dukani. Notisi haikutaja kansa hata kidogo. Ilisema tu kwamba ukibeba simu kwenye mfuko wa suruali au shati, au ukiichomeka kwenye sidiria, huku imewashwa na iko hewani, unaweza kuvuka kiwango cha mionzi kilichowekwa na serikali. Kasome maelekezo ya simu yako. Basi!

Na hilo halikuwa jambo la kutunga. Simu nyingi zinapopimwa kwa ajili ya kubebwa mwilini huachiwa nafasi kidogo, nyingine milimita 5, nyingine hata 15. Habari hiyo imo kwenye kijitabu cha maelekezo, kwa herufi za sisimizi, kile kijitabu ambacho wengi tunakitupa pamoja na boksi. Berkeley walitaka tu kuisogeza mbele ya macho ya mnunuzi.

Bwana wee, kesi yake! Juni 2015 chama cha makampuni ya simu, CTIA, kiliuburuza mji mahakamani, kikidai wanachama wake wanalazimishwa kutisha wateja wao wenyewe. Jaji akaondoa sentensi moja tu, iliyosema watoto wako hatarini zaidi. Notisi ikaanza kutumika Machi 2016. Mahakama ya rufaa ikaupa mji ushindi mwaka 2017, na tena 2019. Mie hapo ningeshapika pilau. Kumbe bado! Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, ikaiambia mahakama kwamba notisi inapotosha na inaingilia kazi yake. Septemba mwaka huohuo jaji akaizima. Yaani maelezo ni halali yakiwa kitabuni, yakiletwa kaunta yanakuwa nongwa.

Wafaransa wao hawakusubiri karatasi, walipima wenyewe. Septemba 2023 wakala wao wa masafa, ANFR, alitangaza kwamba iPhone 12, ikishikwa mkononi au kubebwa mfukoni, ilitoa wati 5.74 kwa kilo ya mwili, wakati mwisho ni 4. Kampuni ilibisha, ikasema tatizo ni namna ya kupima. Lakini mauzo yaliposimamishwa, ilitoa programu mpya kwa simu za Ufaransa. Hakuna aliyeripotiwa kudondoka, kwani viwango hivyo vimewekewa akiba ya usalama. Ila simu hiyo ilikuwa sokoni tangu 2020, na bila mpimaji nani angejua?

Ndugu msomaji, hata wewe unaweza kuchungulia. Bonyeza *#07#. Simu nyingi zitakuonyesha namba inayoitwa SAR, au zitakuelekeza pa kuitafuta. Ulaya mwisho ni 2 kwa kichwa na kiwiliwili, Marekani ni 1.6. Dada zangu wa kuchomeka simu kwenye sidiria, vipochi vipo. Na wale wa kupiga stori saa nzima na mchumba huku mtandao umebaki kijistari kimoja, vaeni hedifoni, kwa sababu hapo simu inaongeza nguvu ili isikike mnarani.

Msimamo wangu ni huu. Mnunuzi si mtoto wa kufichwa habari eti asije akalia. Ukimweleza ukweli wote, pamoja na ule wa 2024, ataamua mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Basi na kijiuze huku kimeelezwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!