Hema Kwanza, Jumba Baadaye

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani, na kama ilivyo ada yetu, mazungumzo yalianzia kwenye bei ya samaki yakaishia kwenye michezo ya kuigiza. Kijana mmoja, hodari wa kutunga, alisema kwamba yeye na wenziwe wana mchezo tayari, wameuhifadhi tangu mwanzo hata mwisho, lakini umelala kwa kukosa ukumbi. Barua za maombi wamepeleka, majibu hayajaja. "Maalim," akaniambia, "siku tutakapojengewa jumba ndipo mtakapotuona."

Sikumjibu kwa hoja, nilimpa kisa. Na kwa kuwa vijana wa namna yake ni wengi, Mombasa, Malindi na Lamu, naona si vibaya kukirejea hapa.

Huko Kanada, katika jimbo la Ontario, uko mji uitwao Stratford, uliopewa jina la mji wa Uingereza alikozaliwa Shakespeare. Hata mto wake huitwa Avon, kama wa huko. Mnamo 1950 na kitu, mji huo ulikuwa na watu wasiofika 20,000, na riziki ya wengi wao ilitoka katika karakana ya kutengeneza vichwa vya gari la moshi vya mvuke. Mara dizeli ikaingia, na kila mwenye macho akaona kwamba karakana ile siku zake zinahesabika.

Alikuwako mtoto wa mji huo, Tom Patterson, aliyerudi kutoka vitani akawa mwandishi wa jarida la mambo ya serikali za miji, habari za mabomba ya maji na mitaro ya uchafu. Mchezo wa kuigiza hakuwahi kuusimamia hata mmoja. Lakini alijiuliza: ikiwa mji wetu una jina hili, mbona usiwe mahali pa watu kuja kila kiangazi kutazama michezo ya Shakespeare? Mwaka 1952 aliliomba baraza la mji dola 100 za nauli ya New York, akamtafute mchezaji mashuhuri Laurence Olivier. Baraza likampa 125. Akaenda, na Olivier hakumwona.

Mtu mwingine angerudi kwao akajikalia kimya. Patterson alipiga simu hadi Ireland kwa Tyrone Guthrie, bingwa wa kuongoza michezo, naye Guthrie akaja Julai mwaka ule ule. Mwezi wa Oktoba kikaundwa chama kwa mujibu wa sheria, chama ambacho hakina mwenye hisa wa kugawiwa faida. Senti inayoingia hurudi katika kazi. Sisi tuliozoea habari za wakfu hatuoni ajabu hapo. Mali haina bwana, ina waangalizi tu.

Guthrie alitaka jukwaa lisilo na pazia, lililozungukwa na watazamaji pande tatu, na Bi Tanya Moiseiwitsch akalichora. Jumba la kulitia jukwaa hilo halikuwako, wala fedha za kulijenga hazikuwako. Basi wakaagiza hema kubwa la turubai kutoka Chicago. Kiangazi cha 1953 kilipokaribia, mfuko ukakauka. Mkandarasi wa mji aliyekuwa akimimina saruji ya msingi aliendelea na kazi bila kujua atalipwa lini, na michango ikafika dakika za mwisho. Usiku wa tarehe 13 Julai 1953, Alec Guinness alipanda jukwaani chini ya turubai, akacheza Richard III. Mchezo wa pili ulikuwa All's Well That Ends Well. Kwa wiki 6 watu zaidi ya 60,000 walikaa ndani ya hema lile katika joto kali, na wachezaji wamevaa mavazi mazito ya kifalme.

Hema lilitumika viangazi vinne. Mwaka 1954 walicheza hadithi ya Kiyunani ya mfalme Oedipus, wachezaji wamevaa vinyago. Mwaka 1956, katika Henry V, Waingereza wa mchezo walichezwa na Wakanada wasemao Kiingereza, na Wafaransa wakachezwa na Wakanada wasemao Kifaransa, watu wa nchi moja ambao aghalabu hawakuwa wakikaa baraza moja. Ndipo mwaka 1957 jumba la kudumu likafunguliwa, na mjenzi wake akalipa paa lenye umbo la kukumbusha hema. Leo tamasha hilo lina kumbi nne, na moja, iliyofunguliwa upya mwaka 2022, ina jina la Tom Patterson. Huchezwa humo Shakespeare, michezo ya Kiyunani, ya nyimbo, na iliyoandikwa na Wakanada wenyewe.

Nilipofika hapo mzee mmoja akanikatiza: "Hao walikuwa na Mabwana Guinness. Sisi tuna nani?" Swali la haki. Lakini wageni wa Uingereza katika kundi lile walikuwa wachache. Wengi walikuwa Wakanada ambao hapo kabla hawakuwa na pa kuonyesha ujuzi wao. Hema ndilo lililowatoa.

Na tukilinganisha, mimi naona sisi tuna nafuu kuliko wao. Turubai wao waliliagiza nchi nyingine. Sisi hulisimamisha alasiri moja kwa ajili ya arusi, na siku ya msiba halikosekani. Jukwaa la kuzungukwa na watu walilihesabu kuwa jambo jipya. Sisi tumesimama duara tukitazama kirumbizi tangu utotoni. Kuchangishana wao walijifunza kwa shida. Maulidi ya Lamu yana zaidi ya miaka mia, na wageni hula na kulala kwa ukarimu wa wenyeji. Wala hatuna haja ya kuanza na Shakespeare, ijapokuwa Mwalimu Nyerere alikwisha mtia katika Kiswahili chetu. Tuna Fumo Liongo, ambaye kisa chake kina mama, usaliti na kifo.

Wako watakaosema michezo huleta upuzi na kuvunja heshima. Sipuuzi neno hilo, kwani nami nina mabinti. Lakini upuzi hauingii kwa sababu ya turubai, huingia kwa sababu watu wenye busara wamekaa mbali. Mchezo na uanze baada ya Isha, akina mama wawe na upande wao, na wazee wausikilize kabla ya kuonyeshwa. Kijana asiyeisikia hadithi ya kwao kwa lugha ya kwao atasikiliza za wengine, na hapo hatakuja kutuuliza kama zina heshima.

Kwa hivyo nilimwambia kijana yule, na sasa nawaambia wenziwe: acheni kuandika barua za kuomba jumba. Kodini turubai la usiku mmoja, azimeni majamvi na taa, wekeni kiingilio ambacho mchukuzi wa bandarini atakimudu, na kitakachobaki kiwekeni kwa ajili ya usiku wa pili. Watu wakija mara nne, jumba litawatafuta ninyi. Wasipokuja, mtakuwa mmejua mapema, bila deni la saruji.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza turubai hukodiwa kwa kiasi gani siku hizi. Nilimpeleka kwa mwenye nalo usiku ule ule. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.