Dereva Anayesamehe

Mwezi huu naanza na meseji. Nilikuwa kwenye foleni ya ATM hapa Mpanda mjini, mwisho wa mwezi, jua kali, foleni imefika mpaka barabarani. Simu ikalia. Mume wangu, alikuwa Dar kikazi: "Mama watoto, nimepata dereva mzuri sana. Anasamehe. Nakuja naye Jumamosi."

Jamani! Dereva wa nini? Gari letu ni moja, na anayeliendesha siku nyingi ni mimi. Halafu anasamehe, kwani alikosewa na nani? Na atalala wapi? Nikampigia hapohapo. Mwenzangu alicheka mpaka nikaanza kuhofia salio langu. "Si mtu bwana! Draiva. Ile fimbo ya gofu."

Nikanyamaza. Watu wa foleni waliniona nimenyamaza. Maana hiyo draiva, kwa wasiojua, ilishawahi kutuletea maneno ndani ya nyumba.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mume wangu alijifunza gofu Dar kabla hatujahamishiwa huku Katavi. Kwetu sisi gofu ni mchezo wa likizo. Ukitaka kucheza unafunga safari: Dar, Morogoro, Arusha. Kutoka Mpanda hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, na ukipanda basi na lile begi refu kila abiria ana swali lake. Mmoja aliniuliza kama ni bunduki ya kuwindia. Mwingine akasema hapana, hao ni wavuvi wa Karema.

Sasa mwaka juzi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, mwenzangu akanipa zawadi ndefu imefungwa kwa karatasi ya maua. Nikajua ni taa ya sebuleni. Kumbe draiva! Tena aliyoitumia yeye mwenyewe miaka mitatu. Alikuwa amejinunulia nyingine, ya zamani nikarithishwa mimi. Nilisema asante, mwanamke gani atakataa zawadi mbele ya wageni?

Likizo ilipofika tukaenda nayo Dar. Mpira wa kwanza, kulia. Wa pili, kulia tena, kwenye miti. Wa tatu ulikwenda umbali wa kutoka kitandani mpaka jikoni. Nyuma yetu kulikuwa na wanaume wanne wanasubiri zamu, na mume wangu kila nikiinua fimbo ana maelekezo: inama, usiiname, legeza mkono, angalia mpira. Naangalia mpira baba, ndiyo unaonikimbia! Shimo la sita nikairudisha ile draiva kwenye begi na sikuitoa tena. Tuliporudi Mpanda, kutoka Dar mpaka Dodoma tulizungumza mara mbili, na zote zilihusu chakula.

Lakini kuna kitu sikumwambia siku ile. Kijana aliyetubebea mabegi, kedi wetu, alinisogelea pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Dada, wewe huna kosa kubwa. Fimbo hiyo si yako. Hiyo inamtaka mtu anayepiga katikati kila siku." Nikamuuliza katikati ya nini. Ndipo nikapata darasa ambalo sikulipata kwa mume wangu kwa miaka yote ya ndoa.

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Draiva ndiyo ndefu kuliko zote za kupigia mpira mbali, ile ya mkwaju wa kwanza kwenye mashimo marefu. Kwa kuwa ni ndefu na inakwenda kasi, ndiyo ngumu zaidi kugusisha mpira katikati ya uso wake. Ukigusa pembeni, kichwa cha fimbo kinajipinda mkononi, nguvu inapotea, mpira unachepuka. Wenyewe wakisema draiva "inasamehe" wana maana kwamba ukikosea kidogo haikuadhibu sana. Mpira haufiki kule ulikotaka, lakini haupotei.

Inasamehe vipi? Hapa nilielewa nilipokumbuka mzega. Umeshamwona mtu amebeba mti begani, ndoo ya maji mbele na nyingine nyuma? Jaribu kumgeuza ghafla. Hageuki, ule uzito wa nchani unakataa. Sasa mpe ndoo zote mbili azibebe kifuani, utamzungusha kama pia. Draiva inayosamehe imetengenezwa kwa akili ya mzega: uzito umepelekwa pembeni na nyuma ya kichwa, mbali na katikati. Ukigonga mpira karibu na ncha, kichwa hakijipindi ovyo.

Ndiyo maana vichwa vimekuwa vikubwa. Zamani vilikuwa vya mti kweli. Mwaka 1991 kampuni ya Callaway ilipotoa Big Bertha ya chuma, yenye ujazo wa sentimita 190 hivi, watu waliona ni dude. Leo haifiki hata nusu ya kawaida. Wanaotunga sheria za mchezo, R&A na USGA, wameweka kikomo cha sentimita za ujazo 460, na huo ukaidi wa kujipinda kulia na kushoto nao una kikomo chake, gramu-sentimita za mraba 5,900. Kwa hiyo ukikutana na muuzaji anakuimbia "10K, 10K", usibabaike. Mwaka 2024 Ping na TaylorMade walitoa draiva zilizotangazwa kwa namba hiyo, na ni nzuri kweli kwa kusamehe, ila ile elfu kumi inapatikana kwa kujumlisha ukaidi wa pande mbili, wa kulia na kushoto pamoja na wa juu na chini. Hakuna aliyevunja sheria.

Ile niliyorithishwa mimi ilikuwa na kichwa kidogo, uso wenye mwinamo wa nyuzi 9 tu, na mpini mgumu ulioandikwa S. Soma hizo alama kabla hujatoa hela. Uso uliosimama, nyuzi 8 au 9, unamtaka mtu mwenye kasi kubwa. Sisi wengine, kuanzia 10.5 hadi 12, na akina dada wengi hata zaidi ya hapo. Uso uliolala kidogo unauinua mpira na kupunguza ule mzunguko wa ubavuni unaoupeleka porini. Watu wanaona aibu kubeba nyuzi 12, wanasema ni za wazee. Waache na aibu yao, mipira yao wataitafuta wenyewe.

Mpini una herufi: L ni laini wa kina mama, A wa wenye kasi ndogo kidogo, R wa kawaida, S mgumu, X wa wenye misuli. Ukichukua mgumu kuliko kasi yako, mpira unakwenda chini na kulia, kama wangu. Urefu nao usikudanganye. Draiva nyingi za dukani za wanaume ni inchi 45 na zaidi. Ukikata inchi moja unapoteza umbali kidogo, lakini unagusa katikati mara nyingi, na mimi nachukua katikati. Kama mipira yako yote inakimbilia kulia, na unatumia mkono wa kulia, zipo zilizowekewa uzito zaidi upande wa kisigino, karibu na mpini. Zinausaidia uso kufunga kwa wakati.

Akina Madina Iddi, Angel Eaton na Hawa Wanyeche, walioichezea Tanzania, wao wachague wanavyotaka. Mtu anayefanya mazoezi kila wiki anachagua fimbo kwa mkwaju wake mzuri. Mimi nacheza mara mbili kwa mwaka. Fimbo yangu lazima niichague kwa mkwaju wangu mbaya, kwa sababu huo ndio ninaoupiga mara nyingi!

(Halafu mkwaju huku kwetu si jambo la mchezo. Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, kuna mti wa mkwaju ambao wenyeji wanauheshimu kama makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji wa zamani, na watu huacha sadaka chini yake. Mume wangu akipoteza mpira huwa namwambia apeleke sadaka.)

Sasa vita yetu iliishaje? Kwa lipstiki.

Mwenzangu alifunga wavu nyuma ya nyumba, hapa Makanyagio, wavu wa zamani wa dagaa kutoka ziwani, umekunjwa mara mbili ili mpira usipite. Kila jioni: pwaa! Majirani wanadhani tunapondaponda kitu. Jioni moja nikatoka na lipstiki yangu nyekundu, ile niliyoichoka. Kedi alinifundisha: unapaka kidogo mgongoni mwa mpira, unapiga, alama inabaki kwenye uso wa fimbo. Nikapiga kumi kwa ile draiva ya urithi. Alama zangu sita zilikuwa upande wa ncha, mbili kisigino, mbili katikati. Mwenzangu akatingisha kichwa kwa huruma, unaijua ile huruma ya waume. Nikampa mpira uliopakwa. "Na wewe."

Akachukua draiva yake mpya, ya nyuzi 9 vilevile, mpini S vilevile. Kumi. Tukasogea taani kuangalia. Ilikuwa kama uso wa mtoto mwenye surua! Kuna alama moja ilikuwa juu kabisa, kwenye rangi nyeusi, nje ya uso. Katikati, moja.

Hakusema kitu. Alichukua kitambaa akafuta taratibu, akaingia ndani kuoga. Mimi nami nilijizuia nisiongeze neno, na wanaonifahamu wanajua hiyo ni kazi. Wiki hiyo nilimsikia kwenye simu anaulizia bei ya zile mbili anazozimiliki, akiziuza atapata ngapi. Hapo nikatulia, maana hofu yangu nyingine ilikuwa pesa. Tuna nyumba Nsemulwa imefika kwenye linta, na mimi nilikuwa nimeapa hakuna fimbo itakayokula bati zangu.

Ndiyo ikaja ile meseji ya ATM. Aliuza ile ya urithi, akaongeza kidogo, akaninunulia iliyotumika: kichwa 460, nyuzi 12, mpini L, inchi 44. Kwa mara ya kwanza aliniuliza kabla ya kulipa. Nikamtuma aangalie mambo manne. Atikise kichwa cha fimbo asikie kama kuna kitu kinagonga ndani. Apitishe kucha usoni kutafuta ufa. Ahakikishe kispana cha kurekebishia kipo. Na alinganishe namba iliyochongwa shingoni na picha za kampuni, kwa sababu feki zimejaa, na feki haisamehi mtu.

Kwa wanandoa wanaotaka kununua moja wagawane, ngoja niwaambie kabla hamjaumbuka. Kwenye mashindano kila mtu lazima awe na fimbo zake. Mnaruhusiwa kuchangia pale tu mnapocheza pamoja upande mmoja, na fimbo zenu nyote wawili zisizidi 14. Na kile kispana kiacheni begini, maana kubadilisha nyuzi katikati ya mchezo hairuhusiwi. Kirafiki, fanyeni mnavyopatana.

Likizo iliyopita niliipeleka Morogoro. Sitawadanganya kwamba nilipiga kama bingwa. Ila mipira niliyoanza nayo niliimaliza nayo mpaka shimo la tisa, isipokuwa mmoja ulioingia majini, na mume wangu alitoa maelekezo mara moja tu, akajikamata mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa Sumbawanga kwa semina ya siku tatu. Narudi, nafungua begi langu nyuma ya mlango, nakuta draiva yangu ina alama za lipstiki. Nyekundu, rangi yangu ileile niliyoichoka. Roho ikanipaa, kisha nikaisogeza dirishani nikaangalia vizuri. Alama kama kumi na tano, karibu zote zimejikusanya katikati, na moja juu kabisa kwenye rangi nyeusi.

Nikairudisha kwenye begi. Mpini wa L kwa mwanaume wa kasi ile utampeleka kushoto mpaka achoke. Anahitaji nyuzi 10.5, mpini R. Nimeshaanza kuulizia, na bati za linta zinaweza kusubiri mwezi mmoja.