Kuwasilisha Mada si Kusoma kwa Sauti

Katika vyuo vyetu, uwasilishaji wa mada darasani umegeuka ibada ya kusoma. Kundi la wanafunzi kumi humteua mmoja anayekimudu Kiingereza. Naye huugeukia ukuta akasoma slaidi neno kwa neno, wenzake wakisimama kando kama mashahidi. Mwishoni huulizwa kama kuna maswali. Kimya. Alama hugawiwa wote kumi.

Wapo wanaosema tatizo ni woga. Mimi nasema woga ni matokeo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hufika kidato cha kwanza akatakiwa kujieleza kwa Kiingereza. Akikosea, huchekwa. Hujifunza mapema kwamba usalama umo katika kukariri.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Historia pale Tosamaganga anaweza kuorodhesha sababu saba za kushindwa kwa Wahehe, zote za kitabuni. Au anaweza kuuliza swali moja: ilikuwaje watu waliokishinda kikosi cha Wajerumani Lugalo, Agosti 1891, wakaipoteza ngome yao ya Kalenga Oktoba 1894? Kalenga haiko mbali na shule yake. Swali hilo litamlazimu aeleze tofauti kati ya kumvizia adui aliye njiani na kuilinda ngome dhidi ya adui mwenye mizinga. Darasa litabishana, na katika ubishi huo ndimo elimu ilimo.

Wasilisho zuri, basi, lina hoja moja, ushahidi wake, mfano unaofahamika na muda wa kutosha wa kuhojiwa. Nasi wahadhiri tuna wajibu: tumhoji kila mwanakikundi, na turuhusu ufafanuzi wa Kiswahili pale Kiingereza kinapoificha hoja.

Jambo hili halikomei kwenye alama. Mhitimu wa leo ndiye mtendaji wa kijiji wa kesho. Atasimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kutoa taarifa ya mapato na matumizi. Aliyezoea kusoma bila kuulizwa darasani atasoma vivyo hivyo mbele ya wananchi, na atakayenyoosha mkono kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi ataitwa mkorofi.

Uwajibikaji tunaoudai majukwaani una darasa lake la kwanza. Tusiwape alama wanaosoma, tuwape wanaojibu.