Mzee wa Kyaka
Usiku, melini kutoka Bukoba kwenda Mwanza, niliketi kando ya mzee aliyepigana Vita vya Kagera. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu," akanimiminia senene kiganjani kwa mkono uliobaki na vidole vitatu. Nilitarajia anisimulie Kampala ilivyotekwa, Aprili 11, 1979. Yeye akanipeleka Kyaka: daraja limelipuliwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda, nyumba tupu, na mbuzi mmoja aliyewafuata askari kutwa nzima akilia. Hapo sauti ikamkatika. Alikuwa anakwenda kutibiwa macho, nauli kachangiwa na majirani. Wazee hawa tunawakumbuka Siku ya Mashujaa, Julai 25, kisha basi, inaniuma sana. Alfajiri, Mwanza ilipoonekana, alisimama wima kuitazama, begi lake begani.