Milango ya kabati ni ya mwenye nyumba

Mpangaji anaingia Kibondo na kodi ya miezi sita mkononi. Anafungua chumba cha kulala, anakuta kabati la ukutani liko wazi: reli juu, reli chini, milango hakuna. Anaambiwa aweke pazia. Basi ananunua kitenge, anapigilia misumari, na vumbi jekundu la kiangazi linatua kwenye nguo zake zote.

Hili si haki. Aliyepangisha nyumba yenye kabati amepangisha na milango yake, na gharama ya kuirudisha ni yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini haimbebeshi uchakavu wa matumizi ya kawaida. Sembuse milango ambayo hakuwahi kuiona! Akiivunja yeye, hapo alipe.

Wenye nyumba wanatuambia magurudumu ya milango ya kusukuma hayapatikani madukani, mpaka yaagizwe Dar es Salaam. Kwani lazima iwe ya kusukuma? Vumbi linajaa kwenye reli, na mvua zikianza mbao zinavimba, mlango unakwama, mtu anauvuta kwa nguvu mpaka unang'oka. Ndivyo mingi ilivyopotea. Huku kwetu, ambako mninga unaota, seremala yupo kila mtaa wa Kasulu na bawaba zinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Mlango wa bawaba ukilegea, bisibisi inatosha.

Ni kweli vyumba vingi ni vidogo na kitanda kinazuia mlango kufunguka. Basi uwazi wa mita 1.8 usiwekewe milango miwili mipana. Iwe minne, kila mmoja sentimita 45 hivi. Fundi apime upana juu, katikati na chini, maana kuta zetu za tofali za kuchoma hazinyooki, kisha afuate kipimo kidogo kabisa. Na mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi zitapinda kabla mpangaji hajamaliza kodi aliyolipa.

Kwa wanaohamia mwezi huu: kabla ya kutoa pesa, pita chumba kwa chumba na mwenye nyumba, mkihesabu milango, vitasa na vioo. Kinachokosekana kiandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kuwekwa, nyote wawili mtie saini.