Haibridi ya Mtumba na Miinuko ya Sakina

MIZANI YA JUMA
Na Zuberi Mollel

Magari madogo yaliyoinuka kidogo, yaendayo kwa petroli na umeme kwa pamoja, ambayo sote tumekwisha kuyazoea kwa jina la haibridi, yameenea katika mji wa Arusha kwa haraka ambayo elimu ya kuyanunua haikuweza kuifuata. Na kwa kuwa fedha inayotolewa kwa gari moja la namna hii aghalabu ni akiba ya miaka mingi, au ni mkopo ambao mume na mke wameutia saini pamoja, naona ni wajibu wangu juma hili kueleza kwa taratibu jinsi mkazi wa Sakina na vitongoji vilivyo chini ya mlima Meru apaswavyo kulipima gari hilo kabla hajalilipia. Rai yangu naitoa mapema: rangi inayong'aa, viti visivyochanika na namba ya usajili iliyo mpya havitoshi kuwa dalili ya uzima. Mnunuzi na apime betri kubwa, hewa inayoipoza, giaboksi, na mwisho kabisa njia iendayo nyumbani kwake.

Katika yadi zetu, mwenye kutafuta gari la kimo hiki hukutana hasa na mawili: Honda Vezel, lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2013, na Toyota C-HR, lililofuata Desemba 2016. La kwanza lina injini ya lita 1.5, la pili lita 1.8, na yote mawili hubeba watu watano bila dhiki kubwa, ingawa kiti cha nyuma cha C-HR kina giza na dirisha lake ni dogo, jambo ambalo mtu mzima aliyekaa huko mpaka Moshi hatalisahau. Madalali huyataja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo, yamejengwa kwa fikira mbili zilizo mbali sana, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua furaha au majuto ya mnunuzi wa hapa kwetu.

Sakina ipo kwenye barabara ya Namanga, mahali inapoanzia ile barabara ya njia nne iendayo Tengeru, ambayo urefu wake ni kilometa 14.1, na upande wa juu ardhi inapanda moja kwa moja kuelekea Ilboru na msitu wa Meru; kwa hiyo mkazi wake ana safari mbili zisizofanana katika siku moja, ya asubuhi ikiwa ni ya lami na foleni, vifodi vikisimama na kuondoka kila hatua chache mpaka Kilombero, na ya jioni, kwa walio wengi, ikiwa ni ya kupanda juu ya mawe na vumbi. Safari ya kwanza ndiyo iliyokusudiwa na waliobuni haibridi, kwa maana gari linapotambaa injini huzimika na mota ya umeme ikalisukuma, na kila breki inapokanyagwa, nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea bure kwa joto hurejeshwa katika betri. Fauka ya hayo, mji wetu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupungukiwa na nguvu kiasi cha asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko, ilhali mota ya umeme haidhuriki kwa wembamba wa hewa. Na baridi yetu ya Juni na Julai, inayotufanya tuvae makoti, kwa betri ni neema ambayo gari lililoishi Dar es Salaam halikuipata. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi Namanga kwa mwendo mmoja usiobadilika asitarajie faida hizo kwa ukamilifu, kwa sababu mahali pasipo kukanyaga breki hapana nguvu ya kuokota.

Sasa tuifikie betri. Ile ya C-HR imo chini ya kiti cha nyuma, nayo ni ya nikeli; ile ya Vezel ni ya lithiamu, imelazwa chini ya sakafu ya buti. Adui wa zote mbili ni joto, na zote mbili hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka mle mle wanamokaa abiria. Hapo ndipo penye msiba wetu, maana hewa ya ndani ya gari la Sakina katika mwezi wa Septemba, vioo vikiwa wazi, imechanganyika na vumbi la mlima wa volkeno, jepesi kama unga uliochekechwa mara mbili, lipenyalo kila pahali. Nilisimama hivi karibuni katika gereji moja ya hapa hapa, fundi kijana alipokuwa akifungua kifuniko cha tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma cha C-HR moja ambayo kwa nje ilipendeza kama imetoka kiwandani jana. Kichujio alichokitoa kilikuwa kimegeuka kijivu. Vumbi lilikuwa limeshikamana na nyuzi za zulia na nywele hata likawa tabaka moja, na alipokigonga taratibu juu ya gazeti alilolitandaza sakafuni, likabaki rundo la kujaza kiganja. "Mzee wangu," akaniambia bila kuinua macho, "feni hii ilikuwa inavuta kweli, lakini hakuna kilichokuwa kinapita." Mwenye gari alikuwa amelileta kwa sababu ya breki. Habari ya kichujio hakupata kuisikia tangu alinunue.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mnunuzi sharti alifanye, kabla hajauliza bei ya mwisho, ni kuomba kifuniko hicho kifunguliwe mbele ya macho yake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inashuhudia tabia ya mmiliki aliyetangulia kuliko maneno yake yote. La pili ni kulipima gari kwa kompyuta, si kwa kusoma tu kama ipo taa ya hitilafu, bali kwa kutazama volti za kila kundi la seli za betri gari likiwa linapanda na likiwa linashuka, maana betri iliyochoka hujificha gari linapokuwa limesimama, na hujifichua inapodaiwa nguvu nyingi kwa ghafla: kundi moja likaanguka chini ya wenzake na kubaki nyuma. Aidha, mashine iliyo nzuri huonyesha gari limetembea kilometa ngapi tangu kumbukumbu za hitilafu zilipofutwa; ukisoma kwamba zimefutwa kilometa 6 zilizopita, yaani jana jioni au leo asubuhi, umekwisha kupata jibu la swali ambalo muuzaji hakutaka uliulize.

Giaboksi ndiyo inayoyatenga magari haya mawili. C-HR haina klachi ya kuteleza; injini na mota zake zimeunganishwa kwa meno yanayozungukana daima, na kwa hiyo kupanda polepole hakuli kitu. Vezel ya kizazi cha kwanza ina gia 7 na klachi mbili kavu, na mota yake imo ndani ya giaboksi yenyewe: ni ufundi wa akili nyingi, tena mtamu kuendesha, lakini klachi kavu ikilazimishwa kuteleza kwa muda mrefu hupata joto, na joto likizidi, gari hutetemeka, kisha dashibodi hutoa onyo. Honda wenyewe, katika mwaka 2014, waliyaita magari hayo yarudishwe zaidi ya mara moja huko Japani ili programu inayoongoza gia irekebishwe; basi anayetaka Vezel ya miaka ya mwanzo aulize kwa hati, si kwa kauli, kama marekebisho hayo yalifanyika.

Majaribio ya kuzunguka yadi, au ya kwenda kwenye kituo cha mafuta na kurudi, hayamwambii mtu lolote. Namsihi msomaji aliendeshe gari kwanza katika foleni ya mjini kwa muda wa nusu saa mpaka kila chuma kimepata moto, kisha aliingize katika mwinuko wa kuelekea Ilboru, apande kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, asimame katikati ya mlima nyuma ya bodaboda au ng'ombe, aondoke tena, asimame tena. Vezel nzima itafanya hayo bila kulalamika. Iliyochoka itatikisika kama inayotaka kuzima, au itarudi nyuma kidogo kabla haijashika, na yamkini harufu ya klachi itaingia ndani. Wakati wa kushuka nako pana la kutazama: betri ya haibridi ni ndogo, hujaa mapema katika mteremko mrefu, na baada ya hapo breki za kawaida hubeba mzigo peke yao; dereva wa C-HR na aitie gia katika B, ili injini isaidie kulizuia gari.

Kinachosikitisha ni kwamba gari lenye giaboksi istahimiliyo milima ndilo lililo chini. Chini ya tumbo la C-HR ya haibridi pana nafasi ya milimita 140 tu, ilhali Vezel inayovutwa kwa matairi ya mbele ina 185, na ile ya magurudumu manne 170. Mtu aliyewahi kuona njia zetu za ndani baada ya masika, maji yalipokwisha kuchimba makorongo katikati na kuacha mawe makubwa kama vichwa yamechomoza, hahitaji kuelezwa maana ya milimita 45. Wako wanaonyanyua C-HR kwa kuweka vipande juu ya springi. Siwalaumu, lakini mtu asinunue gari kwa tumaini la kulibadilisha umbo.

Kuhusu hati nitasema machache. Gari linaloagizwa kutoka Japani aghalabu limepita mnadani, na karatasi yake ya ukaguzi huandikwa alama: 4 au 4.5 ni gari la kuaminika, na herufi R ni ushahidi kwamba limewahi kupata ajali likatengenezwa. Lililoishi kaskazini, mathalan Hokkaido, litazamwe tumboni kwa tochi, maana barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji na kutu huanzia chini. Anayeagiza mwenyewe akumbuke pia ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililopita miaka 10. Vezel za mwaka 2014 zimekwisha kuvuka mpaka huo. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8 kuingia, nasi tunaruhusu, na kwa sababu hiyo mzigo wa kuchunguza umewekwa mabegani mwa mnunuzi. Oili nayo isipuuzwe: injini hizi zimeundwa kwa oili nyepesi, na mwenye kuzitilia nzito ya lori, kwa kudhani anazitendea wema, anazidhuru.

Je, faida ipo? Tuseme mtu huenda mjini na kurudi kilometa 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, jumla kilometa 500. Gari la petroli tupu lenye kula lita moja kwa kilometa 10 litahitaji lita 50. Haibridi inayokwenda kilometa 18 itahitaji takriban 28. (Zile kilometa 27 na 30 za vitabu vya Japani zilipimwa kwa utaratibu wa maabara, asizihesabu mtu wa Sakina.) Tukiweka bei ya lita kuwa shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, kwani EWURA huibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mtu huyo ataokoa kama shilingi 66,000 kwa mwezi, yaani takriban 800,000 kwa mwaka. Si haba, ni ada ya mtoto katika shule nyingi. Lakini betri kubwa ikifa, gharama yake ni milioni kadhaa, na akiba ya miaka mingi imekwenda kwa siku moja. Ndiyo sababu nasisitiza kupima kuliko kushangilia.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye nyumba karibu na lami, ambaye siku zake hupita katika foleni baina ya Sakina na mjini, anunue C-HR iliyopimwa betri na kusafishwa kichujio, na akisafishe kila mwaka kiangazi kinapokwisha. Mwenye kukaa tambarare, Kisongo au Njiro, ambako njia ni mbovu lakini haipandi, Vezel ya miaka ya baadaye itamfaa. Anayepanda Ilboru kwa njia ya mawe kila jioni, tena gari limejaa watoto na magunia ya mahindi, asinunue mojawapo; achukue gari la petroli lililoinuka, alipe mafuta yake kwa moyo mkunjufu.

Nanyi wenye yadi, mnunuzi akiomba kulipeleka gari kwa fundi wake na kulipandisha mlima kwa saa moja, mruhusuni, hata kama mtapanda naye. Na wewe msomaji, ukikataliwa ombi hilo, ondoka na fedha zako.